Kutoka mbio za klabu hadi mkataba wa timu: mwongozo kamili wa mbio za baiskeli za barabarani

Kila msimu swali hurudi lilelile: "Nimeshinda mbio za mkoa mara tatu, nimeziandikia timu ishirini za Ulaya, hakuna iliyojibu. Nimekosea wapi?"

Mara nyingi kosa haliko miguuni. Meneja aliyeko Ubelgiji hana namna ya kujua ushindi wako una uzito gani. Na yule aliyekuona kwa macho alikuona ukiwa wa 90 kundini, ukikatika kila baada ya kona, au umeishiwa nguvu saa ya tatu. Timu ya kulipwa inatafuta mtu wa kazi: anayepimika, anayekaa mahali pake kundini, na ambaye karatasi zake zinapita mpakani.

Mwongozo huu ni kwa anayeanzia Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo. Usiruke hatua ya 5 na ya 6 eti kwa kuwa unapanda milima vizuri. Huko ndiko wapanda milima wengi wanakopotelea.

## Vitu vya kuandaa

- Baiskeli ya barabarani ya saizi yako. Fremu nzuri ya alumini inatosha kuanzia. Usihangaike na wepesi: sheria ya UCI, chama cha dunia cha mchezo huu, hairuhusu baiskeli ya mbio iliyo chini ya kilo 6.8.
- Gia za milima. Gia ndogo ya mbele ya meno 34 au 36, na spoketi kubwa ya nyuma ya meno 32 au 34. Wengi bado wana 39 kwa 25. Kwenye mlima wa asilimia 10 gia hiyo inakulazimisha kukanyaga mizunguko 50 kwa dakika, na goti ndilo linalolipa.
- Tairi za mm 28. Ukiwa na kilo 62 na tairi ya tyubu, jaza upepo psi 70 hivi. Mazoea ya kujaza 110 yametoka enzi za tairi nyembamba. Kwenye lami yenye viraka baiskeli itarukaruka, na konani tairi haitashika.
- Kipima nguvu cha wati, hata kilichotumika, cha mkono mmoja wa pedali. Kama pesa inatosha kununua kitu kimoja cha bei, nunua hiki na uache rimu za kaboni.
- Kompyuta ya GPS na mkanda wa mapigo ya moyo.
- Helmeti, miwani, glavu, chupa nne, tyubu mbili za akiba na pampu.
- Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na barua pepe yenye jina lako halisi. Anwani kama "simbawamilima254" haifunguliwi.
- Misimu miwili hadi mitatu. Hakuna njia ya miezi sita.

## Hatua ya 1: Weka kiti sawa

Simama bila viatu, mgongo ukutani, kitabu kigumu kikiwa kimebanwa juu kabisa katikati ya mapaja. Pima toka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni, kisha zidisha kwa 0.883. Mguu wa sm 84 unatoa sm 74.2, na huo ndio umbali toka katikati ya mhimili wa mikono ya pedali, ule unaopita ndani ya fremu, hadi juu ya kiti.

Hapo ni pa kuanzia tu. Ukitaka kurekebisha, sogeza mm 3, panda wiki nzima, ndipo uguse tena.

Maumivu mbele ya goti huonyesha kiti kiko chini mno au kimesogea mbele sana. Maumivu nyuma ya goti huonyesha kiko juu. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia, shusha.

Dalili kwamba umefaulu: unakanyaga mizunguko 90 kwa dakika kwa saa tatu bila kuhamahama kitini, na unaweza kushika sehemu ya chini ya usukani dakika 20 mfululizo.

## Hatua ya 2: Leseni na umri

Leseni hutolewa na chama cha taifa, kama vile Kenya Cycling Federation, CHABATA ya Tanzania au FERWACY ya Rwanda. Inadumu mwaka mmoja wa kalenda, hivyo omba mapema, usisubiri wiki ya mbio. Pamoja nayo unapata namba ya UCI yenye tarakimu 11. Namba hiyo hukaa nawe maisha yote, na matokeo yako rasmi hufungwa kwenye hiyo.

Madaraja huhesabiwa kwa umri utakaofikisha mwaka huo: vijana ni miaka 17 na 18, chini ya miaka 23 ni 19 hadi 22, na kuanzia 23 wewe ni mkubwa. Timu za Ulaya huangalia mwaka wa kuzaliwa kabla hazijaangalia kitu kingine. Mwenye miaka 19 na nafasi ya 15 huvutia kuliko mwenye 27 na nafasi ya 8.

Onyo: usipunguze umri. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti na leseni zisipolingana, viza inakwama. Zikigundulika baadaye, hata ushindi wa halali unafutika machoni pa kila meneja.

## Hatua ya 3: Jipime kwa namba zinazoaminika

Pima nguvu ya sekunde 5, dakika 1, dakika 5 na dakika 20, kwa siku mbili tofauti. Gawa kila namba kwa uzito wako wa asubuhi. Asilimia 95 ya wati za dakika 20 ndiyo makadirio ya nguvu unayoweza kuishikilia kwa saa nzima.

Anayetafuta timu ya Continental, daraja la tatu la UCI, kama mpanda milima akaribie wati 5.5 kwa kilo kwa dakika 20. Wanaoshindania ushindi katika WorldTour, daraja la juu kabisa, hupita 6, tena wakiwa wamechoka.

Neno "wamechoka" ndilo la kushika. Makocha siku hizi hawavutiwi na namba ya mtu aliyeamka, akanywa chai, akaenda kujipima. Fanya jaribio la pili: panda kama saa tatu kwa wati 190 hivi, ambazo ni karibu kilojuli 2,000 za kazi, kisha urudie dakika 20 kwa nguvu zote. Nguvu ikishuka kwa asilimia isiyofika 8, una kitu cha kuuza. Ukishuka asilimia 15, tatizo ni saa za mazoezi au chakula.

Huna kipima nguvu? Tumia mlima usiopungua asilimia 6, peke yako, siku isiyo na upepo. Tafuta mita ulizopanda kwa saa, halafu gawa kwa 200 ukijumlisha mara kumi ya asilimia ya mwinuko. Mfano: km 6 za asilimia 8 ni mita 480. Ukizimaliza kwa dakika 20, kasi yako ya kupanda ni mita 1,440 kwa saa. Kigawanyo ni 200 + 80 = 280, na jibu ni wati 5.1 kwa kilo. Kwenye miinuko midogo hesabu hii hudanganya, kwa sababu upepo unachukua sehemu kubwa ya kazi.

Andika mwinuko wa mahali. Iten nchini Kenya iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ile hukunyima takriban asilimia 10 ya nguvu ya dakika 20 au zaidi. Wati 5.0 za Iten na wati 5.0 za Mombasa ni watu wawili tofauti. Usipoandika, meneja atakuhesabu wa Mombasa.

## Hatua ya 4: Saa za mazoezi

Wiki ya saa 15 hadi 20, karibu asilimia 80 ikiwa ya kasi ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima. Siku mbili za kazi ngumu zinatosha: moja ya vipande vinne vya dakika 8 kwa nguvu karibu na ya jaribio la dakika 20, nyingine ya vipande vifupi vya sekunde 30 hadi 60. Safari moja ndefu ya saa nne hadi sita. Siku moja ya kupumzika kabisa.

Kosa la huku kwetu ni kugeuza kila safari ya kikundi kuwa mashindano. Matokeo yake ni mtu ambaye Jumanne hajapona na Jumapili hana kasi. Mapigo ya asubuhi yakipanda 8 hadi 10 juu ya kawaida kwa siku mbili, panda polepole au lala.

Toka alfajiri, taa ya nyuma ikiwaka, na ukwepe barabara kuu za malori. Hakuna zoezi linalostahili kusukumwa bondeni na lori la mchanga.

## Hatua ya 5: Jifunze kukaa kundini

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo mtu wa mbio za watu 30 hushangaa anapoingia kwenye kundi la watu 120.

### Kwa nini nafasi ni nguvu

Ukiwa nyuma ya gurudumu moja unaokoa karibu theluthi ya kazi ya kupambana na upepo. Ndani kabisa ya kundi kubwa, vipimo vilivyochapishwa 2018 kwa kundi la watu 121 vilionyesha ukinzani wa upepo unaweza kushuka hadi asilimia 5 hadi 10 ya ule wa mtu aliye peke yake. Kwa hiyo mahali pa kupumzikia ni katikati.

Basi kwa nini kila mtu anagombea mbele? Kwa sababu ya kona. Wa kumi hupunguza kasi kidogo na kuendelea. Wa 90 husimama karibu kabisa, kisha anakanyaga wati 500 hadi 700 kwa sekunde kadhaa kuziba pengo. Mzunguko wa mjini ukiwa na kona 40, huyo wa nyuma amekimbia mbio fupi 40 ambazo mwenzake hakuzikimbia. Mlima unapofika, mwenye wati nyingi zaidi ameshaishiwa.

Lenga kuwa kati ya nafasi ya 15 na ya 35. Mbele ya hapo unakata upepo, nyuma ya hapo unalipa kona.

### Mazoezi ya uwanjani

1. Bega kwa bega. Kwenye uwanja wa nyasi, wawili wawili, kasi ya kutembea haraka. Egemeana mabega kwa mita 50 bila kuachia usukani. Ukiguswa, legeza viwiko. Mkono uliokakamaa ndio unaoangusha.
2. Kuokota chupa. Weka chupa chini, pita uiokote bila kusimama. Inakufundisha kuhamisha uzito.
3. Gurudumu la mbele. Fuata mwenzako kwa umbali wa sm 50, kisha 30. Macho yako yatazame mabega yake na barabara iliyo mbele yake. Ukikodolea tairi lake utachelewa kila badiliko.
4. Mnyororo wa watu sita. Zamu za sekunde 15. Unapofika mbele, usiongeze kasi. Kuongeza kasi unapopata zamu hukata wenzako nyuma, na ndiyo tabia ya kwanza ambayo mkurugenzi wa timu huiona.

Onyo: usiruhusu gurudumu lako la mbele lilale sambamba na la nyuma la mwenzako. Akisogea upande, yeye hataanguka. Wewe utaanguka, na walio nyuma yako pia.

### Kusogea mbele

Usipite pembeni peke yako ukikata upepo. Subiri mtu mwingine apande ubavuni mwa kundi, ingia nyuma yake. Nafasi za bure hutokea kabla ya barabara kupanuka, mwanzoni mwa kilima kifupi kundi linapolegea, na baada ya kona pana. Anza kusogea km 5 kabla ya mlima muhimu. Zikibaki km 2, mlango umefungwa.

### Upepo wa ubavuni

Upepo ukitoka kushoto, anayeongoza hukaa upande wa kushoto wa barabara, na kila anayefuata hukaa nyuma kidogo kuelekea kulia, hadi mshazari ujaze upana wa lami. Ukimaliza zamu, jitoe kuelekea upepo unakotoka. Barabara ikijaa, aliyebaki nje ya mshazari yuko ukingoni mwa mtaro bila kinga, na baada ya dakika chache ameachwa.

Ukiona nafasi imekwisha, msipange foleni ukingoni. Anzisheni mshazari wa pili papo hapo. Walioachwa wakishirikiana wanaweza kurudi. Wakining'inia mmoja mmoja hawarudi. Singida yenye upepo wake ni mahali pazuri pa kulifanyia zoezi hili mkiwa watu wanane na gari nyuma yenu.

### Kona na mteremko

Funga breki kabla ya kona. Pedali ya nje iwe chini, uzito wako uwe juu yake, mikono sehemu ya chini ya usukani, macho kule unakotokea. Mvua ikinyesha, epuka michoro myeupe ya barabarani. Kwenye mawe, kama ule mlima wa Kimihurura mjini Kigali, baki umekaa kitini: ukisimama, gurudumu la nyuma linateleza.

Kukaa juu ya bomba la fremu wakati wa kushuka, au kulaza mikono juu ya usukani kana kwamba una vishikio vya mbio dhidi ya saa, kumepigwa marufuku tangu 2021.

Dalili kwamba umefaulu: baada ya mbio za saa nne, rekodi yako inaonyesha muda mwingi wa wati chache sana, na milipuko ya wati 500 imepungua kuliko mbio zilizopita katika njia ileile.

## Hatua ya 6: Kula kabla ya njaa

Mwili una akiba ya wanga ya dakika 90 hadi 120 za kazi ngumu. Baada ya hapo, usipokuwa umeongeza, macho yanakuwa mazito, hasira inakuja bila sababu na miguu inakataa. Ikifika hapo umechelewa.

Lengo: gramu 60 za wanga kwa saa ukianza, 90 ukishazoea. Wakubwa wa WorldTour hufika 120, lakini tumbo lililozoezwa ndilo linalobeba hizo. Ongeza gramu 10 kila wiki kwa wiki sita, mazoezini, na kamwe usijaribu kitu kipya siku ya mbio.

Kinywaji cha nyumbani. Maji ml 750, sukari ya kawaida gramu 60 (vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa), chumvi robo kijiko cha chai, na ndimu kwa ladha. Sukari ya mezani ni nusu glukosi nusu fruktosi. Aina hizo mbili hupita utumboni kwa milango tofauti, kwa hiyo inabeba zaidi kuliko glukosi tupu. Chupa moja kwa saa kwenye baridi ya Limuru. Kwenye joto la Pwani ongeza chupa ya maji matupu.

Chakula cha mfukoni. Ndizi mbivu ya kati ina gramu 25 hivi. Vipande vya wali ni rahisi na havichoshi mdomo:

1. Pika mchele wa kunata gramu 250 kwa maji mengi kuliko kawaida hadi ulainike kabisa.
2. Changanya sukari gramu 50, chumvi kidogo na vijiko viwili vya tui la nazi.
3. Gandamiza kwenye sinia, acha upoe, kata vipande vinane na ufunge kwenye karatasi ya foili.

Kila kipande kina takriban gramu 30 za wanga. Usiongeze tui kwa ajili ya ladha. Mafuta hukaa tumboni, na saa ya pili utayahisi.

Ratiba. Saa tatu kabla ya kuanza, gramu 2 hadi 3 za wanga kwa kila kilo yako: wali, uji, mkate, ugali mdogo. Githeri na maharage yasubiri jioni, maana gesi na makapi si rafiki wa kiti chembamba. Kisha kula kila dakika 20 kuanzia dakika ya 20, njaa iwepo isiwepo, na kula kabla ya mlima, si juu yake. Ukimaliza, ndani ya saa moja, gramu 1 ya wanga kwa kilo pamoja na gramu 20 hadi 25 za protini, kwa mfano mayai matatu na wali.

Onyo kuhusu uzito. Kupunguza chakula ili namba ya wati kwa kilo ipande hufanya kazi wiki chache, kisha nguvu yenyewe inaporomoka. Dalili ni majeraha ya mifupa, mafua yasiyokwisha, usingizi mbovu, na kwa wanawake hedhi kukatika. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, muone daktari kabla ya kocha.

## Hatua ya 7: Chagua mbio ambazo meneja anazielewa

Ukisoma kalenda ya UCI, tarakimu ya kwanza hueleza aina: 1 ni mbio za siku moja, 2 ni mbio za mikondo, yaani za siku kadhaa. Baada ya nukta ni daraja: .1 liko juu ya .2. Kuwa mshindi wa jumla wa mbio za 2.2 huleta pointi 40, wa mbio za 2.1 pointi 125.

Kwa ukanda wetu mlango mkubwa ni Tour du Rwanda ya mwezi Februari, ambayo imekuwa 2.1 tangu 2019. Timu za Ulaya huleta vijana wao na wakurugenzi wao, hivyo nafasi ya 20 pale, mbele ya macho yao, ina thamani kuliko ushindi wa mbio za nyumbani zisizo na matokeo mtandaoni. Njia ya kuingia ni timu ya taifa au klabu iliyoalikwa. Ongeza ubingwa wa taifa na ubingwa wa Afrika.

Mlango mwingine ni kituo cha mafunzo cha UCI kilichoko Aigle, Uswisi, ambacho huchukua vijana kupitia vyama vya taifa. Biniam Girmay wa Eritrea alipita pale kabla ya kupata timu ya kulipwa 2020. Mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji, na 2024 mikondo mitatu ya Tour de France pamoja na jezi ya kijani ya mshindi wa pointi. Usisubiri kuitwa. Mpe katibu wa chama chako namba zako za hatua ya 3 kwa maandishi, kila miezi minne.

## Hatua ya 8: Dawa, na vitu visivyoonekana kama dawa

Ukiingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa, utajaza mahali ulipo kila siku, pamoja na dakika 60 ambazo lazima upatikane. Kukosea mara tatu ndani ya miezi 12 kunaweza kukufungia hadi miaka miwili bila hata tone la dawa mwilini. Intaneti ikisumbua kijijini, jaza mapema kwa robo mwaka nzima, kisha rekebisha kwa simu.

Angalia hivi:

- Miraa, mirungi, khat. Ina kathini, inayokatazwa siku ya mbio ikizidi kiwango kwenye mkojo.
- Dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Zina kiwango chake pia. Acha siku kadhaa kabla.
- Tramadoli. Imekatazwa wakati wa mashindano ya baiskeli tangu 2019, na katika michezo yote tangu Januari 2024.
- Dripu na sindano za "kurudisha nguvu". UCI haiziruhusu bila sababu ya kitabibu, hata kama ni vitamini tu. Kliniki za mitaani huzitoa kama peremende.
- Unga wa misuli usio na cheti cha maabara. Uwajibikaji ni wako hata kama aliyechafua ni mtengenezaji.

## Hatua ya 9: Faili na barua

Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza au Kifaransa rahisi:

- Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya UCI, urefu, uzito, uraia, pasipoti inaisha lini.
- Wati za dakika 5 na 20, zikiwa freshi na baada ya kilojuli 2,000, pamoja na mwinuko wa mahali na aina ya kipima nguvu.
- Matokeo matano tu: mbio, daraja, nafasi, walioanza wangapi, pengo na mshindi.
- Kiungo cha rekodi za mazoezi zilizo wazi.
- Kocha au katibu anayeweza kupigiwa simu.
- Mstari mmoja wa kazi unayoiweza: "Naweza kuvuta kundi kwenye mlima wa dakika 15."

Mstari huo wa mwisho wengi wanauacha na badala yake wanaandika wanaota kushinda Tour de France. Meneja ana viongozi tayari. Anachotafuta ni wa nane kwenye kikosi.

Tuma kati ya Agosti na mwanzoni mwa Oktoba, maana dirisha la kusaini msimu ujao hufunguka tarehe 1 Agosti. Timu ya Continental ina waendeshaji 10 hadi 16 tu, kwa hiyo Desemba hakuna kiti. Andikia timu 15 zilizowahi kusajili vijana wa nje ya nchi yao, kila moja barua yake. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki tatu, ukiwa na matokeo mapya.

Onyo: yeyote anayeomba pesa ya "kukuandikisha" kwanza ni tapeli. Wakala wa kweli ana kibali na hulipwa asilimia ya mkataba baada ya mkataba kuwepo.

## Hatua ya 10: Soma mkataba

Timu za WorldTour na ProTeam (daraja la pili) zina kima cha chini cha mshahara na mkataba wa mfano wa UCI, na anayeingia ngazi hizo kwa mara ya kwanza akiwa kijana kwa kawaida hupewa misimu miwili. Continental haina kima cha chini cha UCI. Kuna wanaolipwa vizuri, na kuna wanaopewa baiskeli na chumba tu.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi, kabla ya kusaini:

1. Mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, kwa miezi mingapi?
2. Bima inalipa hospitali na kunirudisha nyumbani nikivunjika?
3. Nani analipa tiketi za ndege na viza?
4. Nitakula na kulala wapi kati ya mbio?
5. Siku za mbio ni ngapi hivi?
6. Zawadi za ushindi zinagawanywaje?
7. Baiskeli ni yangu mkataba ukiisha?

Swali la viza lina hesabu yake. Viza ya muda mfupi ya Schengen inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180. Msimu wa Ulaya ni kuanzia Februari hadi Oktoba. Timu isiyokuombea kibali cha kuishi itakurudisha nyumbani katikati ya msimu, mara nyingi ukiwa ndiyo kwanza umeanza kushika kasi.

## Hatua ya 11: Msimu wa kwanza kazini

Kazi yako ni usaidizi. Kuleta chupa kunaonekana jambo dogo hadi uende kulifanya: inua mkono, subiri gari lako liitwe, rudi nyuma ya kundi, jaza chupa sita hadi nane kwenye jezi, kisha urudi hadi kwa kiongozi wako ukiwa na kilo nne mgongoni. Nenda kundi linapokuwa limetulia, si km 3 kabla ya mlima. Kushikilia chupa muda mrefu ili gari likuvute, au kutupa taka nje ya eneo lililotengwa, huleta adhabu. Utaratibu wa kadi za njano, ulioanza rasmi 2025, unahusu tabia za hatari kundini.

Ukikatika mlimani, usijiue peke yako. Tafuta kundi la nyuma, piga hesabu ya muda wa kuondolewa: mshindi akitumia saa nne na kikomo kikiwa asilimia 10, mna dakika 24. Zungukeni kwa zamu, kimya kimya, na mtaanza kesho.

Baada ya kila mbio mwandikie mkurugenzi mistari mitatu: ulipewa kazi gani, uliifanya hadi km ya ngapi, nini kilikuzuia. Nafasi ya 112 yenye maelezo kwamba ulivuta toka km 90 hadi 140 kama ulivyoagizwa ni siku nzuri ya kazi.

Dalili kwamba umefaulu: kufikia Juni unapangwa kwenye mbio zilezile na kiongozi wa timu. Ukiona hivyo, uliza kuhusu msimu ujao mwezi Julai, kabla dirisha halijafunguka na viti havijaanza kugawiwa.